Rangi ya Waya Si Ushahidi

Muuguzi anayeijua kazi yake hampi mgonjwa dawa kwa kuangalia rangi ya kidonge. Husoma jina lililo kwenye kopo, husoma kipimo, hulinganisha na cheti cha mgonjwa, kisha husoma tena kabla ya kukabidhi. Damu nayo haiongezwi mtu kwa kuwa tu ndugu wameapa kwamba kundi lao ni moja. Hupimwa na kulinganishwa na ya mpokeaji kila mara. Tahadhari hizo hazikuletwa na woga wala na mapenzi ya karatasi. Ziliwekwa baada ya watu kufa kwa sababu mtu mwingine aliamini kwamba vitu vinavyofanana ni kitu kimoja.

Katika nyumba wanamoishi muuguzi huyo na mgonjwa wake, kazi nyingine yenye hatari kama hiyo hufanywa kwa kuamini rangi. Plagi ya pasi imeyeyuka, inakatwa na kufungwa nyingine. Chumba kimeongezwa uani, waya unavutwa kutoka sebuleni. Taa ya pikipiki imegoma, nyaya zinachunwa kwa meno na kusokotwa. Anayefanya kazi hiyo hutazama rangi, hukumbuka alivyoona kwa fundi mwingine, kisha huunganisha. Mara nyingi kazi huisha salama. Ile mara ambayo haikuisha salama huletwa hospitali, na kwenye rejesta huandikwa maneno matatu: “shoti ya umeme”.

Hoja ya makala haya ni nyepesi kuitamka, ingawa kuifuata kunahitaji nidhamu. Rangi ya waya ni dai la mtu aliyetangulia, na dai hilo halina budi kupimwa. Wahudumu wa afya, ambao ndio hupokea matokeo ya kubahatisha, wana wajibu wa kulisema jambo hili kwa sauti ileile wanayolisemea suala la chandarua na maji ya kunawa.

Rangi moja, maana nyingi

Tanzania ilirithi kutoka Uingereza soketi ya matundu matatu ya mstatili pamoja na rangi za nyaya. Katika utaratibu wa zamani waya mwekundu ulikuwa wa moto, mweusi ulikuwa nyutro, na wa kijani ulikuwa wa ardhi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, nyaya laini za vyombo kama pasi, birika na friji zilianza kutengenezwa kwa rangi nyingine zilizokubaliwa Ulaya: kahawia kwa moto, bluu kwa nyutro, na mistari ya kijani na njano kwa ardhi. Nyaya za ukutani ziliendelea na rangi za zamani kwa miongo mitatu zaidi. Huko Uingereza rangi mpya ziliruhusiwa ukutani mwaka 2004, na kuanzia mwaka 2006 zikawa za lazima kwa kazi zote mpya.

Mabadiliko hayo yaliacha mtego katika majengo yenye umeme wa fezi tatu. Waya mweusi, ambao zamani ulikuwa nyutro, sasa ni mojawapo ya fezi. Waya wa bluu, ambao zamani ulikuwa fezi, sasa ndio nyutro. Jengo la zamani likiongezewa vyumba vipya huwa na lugha mbili ndani ya ukuta mmoja. Fundi aliyejifunza moja tu kati ya hizo atauelewa upande mmoja wa jengo, na upande wa pili atauelewa kinyume.

Bidhaa zinazoingia kutoka nje huongeza lugha ya tatu. Nchini Marekani, ambako umeme wa kawaida wa majumbani ni volti 120, waya mweusi ndio wa moto, mweupe ni nyutro, na wa kijani au wa shaba iliyo wazi ndio wa ardhi. Chombo kilichotoka huko, kiwe cha mitumba au cha msaada, kikikatwa plagi yake na mtu anayekumbuka kwamba “mweusi ni nyutro”, kitaunganishwa kinyume. Tena kitaunganishwa na volti 230, ilhali hakikuundwa kwa kiasi hicho. Wanaofanya kazi katika vituo vya afya wanajua kwamba mashine za namna hiyo hazikosekani stoo.

Lipo pia tatizo linaloanzia kwenye jicho lenyewe. Wapo watu, wengi wao wanaume, wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani, na baadhi yao hufika utu uzima bila kujua. Kitabu cha Ishihara cha kupimia hali hiyo kilitolewa mwaka 1917 na bado kinatumika katika kliniki za macho. Katika utaratibu wa zamani nyekundu na kijani ndizo zilizotenganisha waya wa moto na waya wa ardhi. Mistari ya kijani na njano ina faida hapo, kwa kuwa hata asiyeona rangi sawasawa huweza kuona kwamba waya huo una mistari na wenzake hawana.

Juu ya hayo yote, ipo sababu iliyo ya kawaida kuliko zote: fundi alitumia waya aliokuwa nao. Roli ya waya mwekundu ilikwisha, akamalizia na mweusi. Duka lilikuwa na rangi moja tu, akafunga nyumba nzima kwa rangi hiyo. Rangi huonyesha waya ulitengenezwa kwa ajili ya kazi gani. Haionyeshi umeunganishwa na nini. Swichi ya taa iliyofungwa kwenye nyutro badala ya waya wa moto huzima taa vizuri kabisa, lakini huacha kishikio cha balbu kikiwa na umeme. Anayepanda kiti kubadilisha balbu humo huamini kwamba amekwisha kuzima.

Mwili mbele ya umeme

Madhara ya umeme hutegemea zaidi mkondo unaopita mwilini, nao mkondo hutegemea volti na ukinzani wa ngozi. Ngozi kavu huzuia umeme kwa kiasi kikubwa. Ngozi iliyolowa maji au jasho huzuia kidogo sana, na ukinzani wa mwili unaweza kushuka hadi karibu omu 1,000. Kwa volti 230, hali hiyo huruhusu takriban miliampia 230 kupita. Charles Dalziel, mhandisi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alipima kwa miaka mingi kiwango ambacho mtu aliyeshika waya bado anaweza kuuachia. Alipata wastani wa miliampia 16 kwa wanaume na zaidi kidogo ya 10 kwa wanawake. Ukizidi hapo, misuli ya mkono hujikunja na kuukumbatia waya uleule unaoua. Ukizidi tena, misuli ya kupumua hukaza. Ukikaribia miliampia 100, moyo huweza kuacha kupiga kwa mpangilio na kubaki ukitetemeka ovyo bila kusukuma damu.

Taa ya LED ya wati 10 hutumia zaidi kidogo ya miliampia 40. Kwa hiyo mkondo unaowasha taa ndogo ya ukumbini unatosha kumnasa mtu mzima. Fyuzi ya plagi yenye ampia 13 huruhusu mkondo mkubwa mara mia kadhaa kuliko huo kabla haijakatika. Fyuzi huulinda waya usiungue. Mtu anayepigwa na umeme halindwi nayo.

Yapo mambo mawili yanayomlinda. La kwanza ni waya wa ardhi. Ndani ya friji, waya wa moto ukichubuka na kugusa bati, waya wa ardhi huupa umeme njia rahisi ya kutokea. Mkondo huwa mkubwa ghafla, na fyuzi au saketi breka hukatika. Waya wa ardhi usipokuwepo, bati hubaki na volti 230 likisubiri mkono, huku friji likiendelea kugandisha kama kawaida. La pili ni kifaa ambacho mafundi hukiita kwa herufi RCD, kinacholinganisha mkondo unaotoka na unaorudi na kukata umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde pindi tofauti ifikapo kiwango kilichowekwa, ambacho kwa kawaida majumbani ni miliampia 30. Dalziel huyohuyo ndiye aliyebuni kifaa cha aina hiyo nchini Marekani mwaka 1961, baada ya kujua kwa vipimo vyake ni kiasi gani mwili unaweza kuvumilia.

Waya wa ardhi ndio unaodharauliwa kuliko zote, kwa kuwa kila kitu hufanya kazi bila huo. Hukatwa na kukunjwa nyuma ili usisumbue. Pini yake huvunjwa ili plagi iingie kwenye soketi ya matundu mawili. Kalamu au njiti ya kiberiti huchomekwa kwenye tundu lake ili mlango wa ndani wa soketi ufunguke na chaja ya simu yenye pini mbili iingie. Jambo hili la mwisho huonekana hata wodini, mbele ya macho ya watu wanaovaa glavu kabla ya kugusa tone la damu. Mama anaposema kwamba mlango wa friji “unapiga kidogo” akiushika miguu ikiwa mitupu, anaeleza dalili ya hatari, na asiambiwe avae kandambili. Friji hilo lichomolewe siku hiyohiyo, lisitumike tena mpaka lipimwe.

Kiungo kibaya kina madhara yake hata pale waya sahihi ulipounganishwa na waya sahihi. Nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu hugusana kwa sehemu ndogo, na penye mgusano mdogo pana ukinzani. Birika la wati 2,000 huvuta takriban ampia 9. Kiungo chenye ukinzani wa nusu omu tu, kikipitiwa na mkondo huo, hutoa joto la wati 40 mahali pamoja, joto linalokaribia lile la pasi ya kuchomelea risasi. Kiungo hicho kikiwa ndani ya dari ya mbao, nyumba imewekewa moto unaosubiri. Kiungo kinachostahili huwekwa ndani ya konekta yenye skrubu zilizokazwa, ndani ya kisanduku chenye kifuniko, mahali ambapo mtu mwingine anaweza kukifikia na kukikagua.

Kwa familia zinazomuuguza mtu nyumbani, suala hili lina uzito wa pekee. Mashine ya kuzalisha oksijeni ya lita tano kwa dakika hutumia takriban wati 300 hadi 400, usiku na mchana. Ikiwa imechomekwa kwenye ekstensheni yenye kiungo cha tepu, karibu na kitanda chenye godoro la sponji, joto hukutana na hewa yenye oksijeni nyingi, na kitu kikishika moto katika hewa hiyo huungua kwa kasi kubwa. Anayeruhusu mashine hiyo itoke hospitali hana budi kuuliza itachomekwa wapi, kama anavyouliza nani atakayeihudumia.

Gari na pikipiki

Wengi huamini kwamba umeme wa gari hauna madhara kwa sababu ni volti 12. Ni kweli kwamba volti 12 hazipenyi ngozi kavu kiasi cha kumdhuru mtu. Hatari yake hupita njia nyingine. Taa ya wati 55 ingekuwa ya nyumbani ingetumia robo ya ampia. Kwenye gari hutumia ampia nne na nusu kwa wati zilezile. Betri yenyewe inaweza kutoa mamia ya ampia kwa sekunde chache. Pete ya ndoa ikigusa spana iliyo kwenye chanya na wakati huohuo ikagusa bodi, huwa nyekundu kwa joto kabla mwenyewe hajavuta mkono, na huunguza kidole pande zote. Ndiyo sababu fundi makini huvua pete na saa. Ndiyo sababu pia hufungua kwanza waya wa hasi wa betri na kuurudisha wa mwisho: hasi ikishafunguliwa, spana ikigusa bodi hakuna cha kutokea.

Rangi za magari nazo hazikubaliani. Katika magari mengi ya Kijerumani waya wa kahawia ni wa bodi, yaani hasi, ilhali nyumbani kahawia ni wa moto. Katika Toyota, waya wa bodi huwa mweupe wenye mstari mweusi. Kwenye pikipiki za Honda wa kijani ndio hasi. Kwenye Yamaha ni mweusi. Kijana aliyejifunzia kwenye pikipiki ya aina moja akihamia ya aina nyingine, au akiitwa kusaidia nyumbani kwa jirani, huenda na kamusi isiyo ya lugha ya pale. Ipo rangi moja tu ya gari inayopaswa kuaminiwa bila kujadiliwa, nayo huaminiwa kama onyo: kebo za rangi ya chungwa katika magari ya haibridi kama Prius hubeba zaidi ya volti 200, na asiyefundishwa kazi hiyo asiziguse hata gari likiwa limezimwa.

Desturi ya kubadilisha fyuzi ya ampia 10 kwa ya 30, au kwa kipande cha waya, ni sawa na kumnyamazisha mgonjwa anayelalamika bila kutafuta kinachomuuma. Fyuzi ilikatika kwa sababu ipo. Sababu hiyo ikiachwa, waya wenyewe ndio unaogeuka fyuzi, na huungua nyuma ya dashibodi au chini ya tangi la pikipiki. Wakati wa kulisaidia gari kwa betri ya gari jingine, waya mwekundu huunganisha chanya ya betri iliyokufa na chanya ya betri nzima. Mweusi huanzia kwenye hasi ya betri nzima na kuishia kwenye chuma kitupu cha gari lililokwama, mbali na betri yake. Umbali huo una maana, kwa kuwa betri hutoa gesi ya hidrojeni na cheche ndogo inaweza kuilipua, pamoja na tindikali iliyomo. Tindikali ikiingia jichoni, jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha mtu apelekwe hospitali. Kutafuta dawa kwanza ni kupoteza jicho.

Kupima ndiyo kujua

Fundi aliyefunzwa vizuri hupima kwa hatua tatu. Kwanza hujaribu kipimo chake kwenye soketi anayojua ina umeme, ili ahakikishe kwamba kipimo kizima. Pili hupima nyaya anazotaka kuzigusa, baada ya kuzima swichi kuu: moto na nyutro, moto na ardhi, nyutro na ardhi. Tatu hurudi kwenye ile soketi ya kwanza kuhakikisha kwamba kipimo hakikuharibika katikati ya kazi. Maabara ya hospitali hufanya vivyo hivyo inapopima sampuli inayojulikana jibu lake kabla ya kupima ya mgonjwa. Bisibisi ya testa inayowaka taa peke yake haitoshi, kwa kuwa inapokosa kuwaka haielezi kama umeme haupo au testa imekufa.

Mtu wa kawaida hahitaji kufanya kazi yote hiyo, na za ukutani asizifanye kabisa. EWURA hutoa leseni kwa mafundi wa kufunga umeme, na vyuo vya VETA huwafunza. Anachoweza kufanya mwenye nyumba ni kukagua plagi, ikiwa imechomolewa. Plagi ya pini tatu ikifunguliwa na pini ya ardhi ikiwa juu, waya wa kahawia unapaswa kuwa kulia penye fyuzi, wa bluu kushoto, na wa kijani na njano juu. Waya wa ardhi uachwe mrefu kuliko wenzake, ili kebo ikivutwa kwa nguvu uwe wa mwisho kung'oka. Kibano cha kebo kikaze ganda la nje, si nyaya za ndani. Zaidi ya hapo, mwenye nyumba amuulize fundi maswali mawili: umepima kwa kifaa gani, na waya wa ardhi umeishia wapi? Fundi mzuri hufurahia maswali hayo.

Ni haki kusema kwamba lawama si ya mafundi wa mitaani peke yao. Wengi wao wana mikono hodari na uzoefu wa miaka. Hulipwa kwa kazi, si kwa saa, na mteja aliyesimama pembeni humuuliza kwa nini bado hajamaliza. Mteja huyohuyo, akiambiwa kwamba waya wa ardhi na RCD vitaongeza gharama, hujibu kwamba nyumba ya baba yake haikuwa navyo na hakuna aliyekufa. Anayekataa kulipia kinga anashiriki katika ajali, kama mzazi anayekataa chanjo anavyoshiriki katika ugonjwa wa mtoto.

Kazi ya hospitali iko wapi?

Wapo watakaosema kwamba nyaya ni kazi ya wahandisi, na hospitali ishughulike na majeraha. Historia ya tiba yenyewe inawajibu. Katika miaka ya 1920 kampuni za umeme za Marekani zilisumbuliwa na vifo vya mafundi wao wa nguzoni na zikagharimia utafiti. Mmoja wa waliouchukua ni William Kouwenhoven, mhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambaye hakuwa daktari. Kazi yake ilizaa mashine ya kushtua moyo. Mwaka 1960, yeye pamoja na James Jude na Guy Knickerbocker walichapisha njia ya kuusukuma moyo kwa kukandamiza kifua kwa mikono, bila kupasua. Kukandamiza kifua kunakofundishwa leo kwa kila muuguzi kulitokana na swali la nini cha kumfanyia mtu aliyeuawa na waya. Mwaka 1969 chuo hicho kilimtunuku mhandisi huyo udaktari wa tiba wa heshima.

Kwa hiyo, mgonjwa wa umeme anapofika, maneno “shoti ya umeme” hayatoshi. Aulizwe ni chombo gani na ni volti ngapi, alishika kwa mkono upi na alisimama juu ya nini, alizimia au hakuzimia, alianguka au hakuanguka. Jeraha dogo kwenye kidole linaweza kuficha misuli iliyoungua hadi kwenye bega. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi ni ishara kwamba misuli imevunjika na figo ziko hatarini. Kipimo cha ECG kifanywe. Bega lililoteguka kwa misuli kujikunja lisipuuzwe, na mjamzito apimwe yeye na mtoto aliye tumboni. Mtoto aliyetafuna waya na kuungua pembe ya mdomo anaweza kuvuja damu nyingi wiki moja au mbili baadaye, kigaga kikitoka. Mzazi aambiwe hilo kabla ya kuondoka, na aonyeshwe jinsi ya kubana mdomo kwa vidole.

Kisha liulizwe swali ambalo rejesta nyingi hazina nafasi yake: je, chombo hicho bado kimechomekwa nyumbani? Anayeuliza hivyo huenda akagundua kwamba wakati mgonjwa yuko kitandani, watoto wanalifungua friji lilelile. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeingia ndani kutazama choo na chandarua anaweza pia kutazama plagi iliyovunjwa pini, ekstensheni iliyofungwa tepu, na waya unaopita chini ya mkeka. Hahitaji uhandisi kuyaona hayo.

Nyumbani, anayemkuta mwenziwe amenaswa asimguse. Azime swichi kuu kwanza. Ikishindikana, asimame juu ya kitu kikavu kisichopitisha umeme na kuusukuma waya kwa ubao mkavu. Waya ulioanguka kutoka nguzoni usikaribiwe kabisa mpaka TANESCO wathibitishe kwamba umezimwa. Asiyepumua akandamizwe katikati ya kifua, kwa kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Umeme ukishazimwa, penye kuungua pamwagiwe maji ya bomba ya kawaida kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na unga havisaidii; kumnywesha maziwa hakumwokoi, na kumfukia mchangani humwibia dakika alizokuwa nazo.

Hospitali nayo ianzie kwake. Kalamu zitolewe kwenye matundu ya soketi za wodini. Mashine ya msaada isikatwe plagi mpaka fundi wa vifaa tiba aipime na kuandika alichokipata. Na siku mgonjwa wa umeme anaporuhusiwa, karatasi yake ya kutokea iwe na mstari mmoja zaidi chini ya dawa na tarehe ya kurudi: waya uliomjeruhi umepimwa na nani, na umefanywa nini.